Karatasi ya Kupoteza: Zoezi la Mchoraji Lilivyohamia Kwenye Kioo

Tarehe 10 Aprili 1973, katika maabara ya kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, California, mhandisi Richard Shoup alijiweka mbele ya kamera akiwa ameshika kadi. Sura yake ikaingia kwenye kumbukumbu ya mashine aliyokuwa akiiunda, ikatokea kwenye skrini, ikabaki pale. Kwenye kadi alikuwa ameandika kwamba kitu chenyewe kinafanya kazi, kisha, kwa tahadhari ya fundi, akaongeza kuwa ni kwa kiasi fulani tu. Mashine hiyo iliitwa SuperPaint. Iliweza kuonyesha rangi 256 kwa wakati mmoja, zilizochaguliwa kutoka zaidi ya milioni 16, na mtu aliweza kupaka rangi juu ya skrini kwa kusogeza kalamu kwenye kibao. Kumbukumbu yake yote ya picha ilikuwa kilobaiti 300 na kitu. Picha moja ya simu ya kawaida leo haitoshei humo.

Mwaka uliofuata Alvy Ray Smith, mwanahisabati aliyependa kuchora, alimtembelea Shoup na hakutaka kuondoka. Maabara haikuwa na nafasi ya ajira kwa msanii, hivyo ikatafutwa njia ya uchochoroni: Smith aliingizwa kwa hati ya manunuzi, kana kwamba ni kifaa kilichoagizwa. Akapaka rangi kwa miezi kadhaa kwa raha zake. Januari 1975 akaambiwa basi, kwa kuwa wakubwa wa Xerox walikuwa wameamua kwamba ofisi ya kesho itakuwa ya nyeusi na nyeupe. Smith alihamia New York, akaandika programu bora zaidi za kupaka rangi, na mwaka 1986 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Pixar.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya kampuni iliyokalia dhahabu bila kujua. Mchoraji anaweza kukisoma kwa jicho jingine. SuperPaint ilikuwa moja, ilikuwa mali ya watu wengine, na aliyeigusa aliigusa kwa ruhusa. Hakuna anayefanya mazoezi kwa utulivu kwenye kitu cha namna hiyo. Kuchora tunda lilelile asubuhi na jioni, kunakili kazi ya bingwa ili kujua kivuli amekiweka wapi, kulikimbiza wingu kabla halijapita: yote haya yanataka kitu ambacho mtu anaweza kukiharibu bila kuulizwa. Uchoraji wa kompyuta ulichukua zaidi ya miaka 30 kufika hapo, na kilichouchelewesha zaidi kilikuwa bei.

Zoezi lenyewe ni la kale kuliko mashine. Katika miaka ya 1780 Mfaransa Pierre-Henri de Valenciennes alikuwa Roma, akitembea na vipande vya karatasi na rangi za mafuta. Alikuwa akijiandaa kuchora picha kubwa za mandhari zenye mashujaa wa hadithi za Kigiriki, zile zilizoheshimiwa na wakubwa wa sanaa wa Paris. Ila kwenye karatasi hizo ndogo hakuna shujaa hata mmoja. Kuna mapaa, miti, ukungu, mawingu juu ya vilima. Paa moja alilichora likiwa juani, kisha akalichora tena likiwa kivulini, na picha zote mbili ziko katika jumba la makumbusho la Louvre. Mwaka 1800 alichapisha kitabu cha kufundishia, na humo akatoa kanuni kali: kazi ya nje isizidi saa mbili, kwa sababu baada ya hapo jua limehama na mchoraji anachora uongo. Kwa macheo na machweo alitoa nusu saa tu.

Hakuna aliyetarajiwa kuziona karatasi hizo. Zilikaa kwenye chumba cha kazi ili wanafunzi wanakili na bwana mwenyewe azirejee. Louvre ilizipata kama zawadi mwaka 1930, zaidi ya karne moja baada ya kifo chake, na leo wapo wengi wanaomjua Valenciennes kwa mapaa yake bila kuwahi kusikia habari za mashujaa wake.

Mwingereza John Constable aliisukuma desturi hiyo mbali zaidi. Mwaka 1821 na 1822 alikuwa akiishi Hampstead, kwenye mwinuko wa kaskazini mwa London, na akaanza kuchora anga peke yake, mara nyingine bila hata mti mmoja chini. Alitumia rangi za mafuta juu ya karatasi, nyingine zikiwa na sentimita kama 30 kwa 48, akimaliza kila moja kwa kikao kimoja. Nyuma ya karatasi aliandika tarehe, saa, upande aliokuwa akitazama, upepo unavumia wapi na hali ya hewa ilivyogeuka baadaye. Oktoba 1822 alimwandikia rafiki yake kwamba alikuwa na picha za anga kama 50 alizozichora kwa makini. Hesabu hiyo ina uzito wake. Mtu anayechora anga moja huchora anga aliyoizoea kichwani. Anayechora 50 hulazimika kuona kwamba tumbo la wingu si la kijivu, kwamba ukingo mmoja ni mkali na mwingine umeyeyuka, na kwamba bluu ya juu kabisa si bluu ya karibu na ardhi. Anga zilizojaa uhai katika picha zake kubwa za mashambani zilitokana na kazi hiyo ya bila mnunuzi.

Wote wawili, Valenciennes na Constable, walichagua karatasi pale ambapo wenzao wangetumia turubai. Karatasi ilikuwa rahisi, na ikiharibika hakuna hasara. Hata hivyo rangi ilibaki tatizo: ilisagwa kwa mkono na kubebwa kwenye vibofu vya nguruwe vilivyotobolewa kwa msumari, ambavyo vilivuja na kukausha rangi. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand, mchoraji aliyekuwa akiishi London, alisajili hataza ya kijibomba cha bati chenye kifuniko, kile ambacho leo tunakijua kwa dawa ya meno. Kizazi cha Claude Monet kilitembea na vijibomba hivyo mifukoni kikachora nje kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Upande wa pili wa mazoezi ni kunakili, na hapo ndipo ubishi huanza. Louvre ilipofunguliwa kwa umma mwaka 1793, katika kila juma la siku kumi la kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa wasanii walitengewa siku zao za kuja kunakili picha za mabingwa. Desturi hiyo ipo hadi leo, kwa kibali, na kwa sharti kwamba nakala isilingane kwa ukubwa na picha halisi. Mwaka 1880 Vincent van Gogh, mwenye miaka 27 na aliyekuwa ameshindwa kazi ya uhubiri katika machimbo ya makaa ya mawe ya Ubelgiji, alijifungia chumbani na karatasi za mazoezi za Charles Bargue, kozi ya michoro iliyotayarishwa kwa ushirikiano na Jean-Léon Gérôme na kuchapishwa Paris kuanzia mwaka 1866. Alizinakili, akamaliza, akarudia tangu mwanzo. Aliyezoea kumsifu Van Gogh kwa moto wa moyo wake aiweke hesabu hiyo karibu.

Afrika Mashariki nayo ilibishana juu ya jambo hili kwa namna yake. Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937, hakutaka wanafunzi wake wawekewe sanamu za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia tukio, kisha akawaacha walichore kutoka kwenye kumbukumbu na mawazo yao. Sam Ntiro, Mchaga kutoka Kilimanjaro aliyesoma na kufundisha hapo, aliendelea kuchora vijiji vyake kwa njia hiyo hata baada ya kupita katika shule ya Slade ya London. Cecil Todd alipochukua uongozi wa shule ya sanaa ya Makerere mwaka 1958, mwelekeo ukageuka: kuchora kwa kutazama, nadharia ya rangi, masomo ya shule za sanaa za Magharibi. Huku Dar es Salaam, miaka ya mwisho ya 1960, Edward Saidi Tingatinga hakuwa na shule wala nadharia. Alichora kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya vipande vya ubao wa hardboard, na vijana wa ukoo wake wakakaa kando yake wakatazama, wakasaidia, wakaiga. Alipouawa mwaka 1972 mtindo haukufa, kwa kuwa mikono iliyoiga ilikuwa imeshaujua. Trowell huenda asingeipenda njia hiyo, lakini ndiyo iliyozaa uchoraji wa Kitanzania unaojulikana zaidi duniani.

Daraja kati ya Constable na kompyuta lilijengwa Hollywood. Mwaka 1932 Walt Disney aliona kwamba wachoraji wake wa katuni wanajua kuchekesha lakini hawajui mwili unavyobeba uzito, akamwajiri Donald Graham wa taasisi ya sanaa ya Chouinard awafundishe jioni kuchora watu hai. Ilipofika zamu ya filamu ya Bambi, studio ililetewa watoto wawili wa paa kutoka Maine ili wachoraji wawatazame wakilala, wakisimama, wakikua. Tangu hapo studio kubwa za katuni zimekuwa na desturi ya darasa la kuchora ndani ya kazi. Vijana waliokuja kushika kalamu za kompyuta miaka ya 1990 walitoka kwenye utamaduni huo, wakiwa na vitabu vya michoro kwapani. James Gurney, ambaye kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu rangi na mwanga kinasomwa sana na wachoraji wa kidijitali, alianza hivyohivyo: mwaka 1982 yeye na Thomas Kinkade walitoa mwongozo wa kuchora safarini, na pia walichora mandhari za nyuma za filamu ya katuni ya Ralph Bakshi.

Mashine zenyewe zilikuwa bado ghali kupindukia. Quantel Paintbox, iliyotoka Uingereza mwaka 1981, iliuzwa kwa zaidi ya pauni 100,000 na ilinunuliwa na vituo vya televisheni kwa ajili ya ramani za hali ya hewa na vichwa vya taarifa ya habari. Miaka michache baadaye BBC iliwaalika wasanii wakubwa kuijaribu mbele ya kamera, wakiwemo David Hockney, Richard Hamilton, Howard Hodgkin na Sidney Nolan. Hockney aliifurahia waziwazi: rangi ilitoka kwenye kioo ikiwa na mwanga wake yenyewe, haikuchafuka, haikungoja kukauka. Kisha kipindi kikaisha na mashine ikarudi kwa wenyewe. Alipokutana tena na rangi ya aina hiyo kwa uhuru ilikuwa imepita zaidi ya miaka 20.

Katikati hapo bei ikaanza kuporomoka. Januari 1984 kompyuta ya Macintosh ilitoka kwa dola 2,495 ikiwa na MacPaint, programu ya Bill Atkinson, yenye nyeusi na nyeupe tu. Picha iliyotumika sana kuitangaza, kutoka kwa Susan Kare, ni ya mwanamke wa Kijapani akichana nywele, na inafuata chapa ya mbao ya Hashiguchi Goyō ya mwaka 1920. Watu wenye kifaa kipya kabisa mkononi, na cha kwanza wanachokigeukia ni kazi ya bingwa wa zamani!

Andy Warhol alifanya vilevile. Tarehe 23 Julai 1985, katika uzinduzi wa kompyuta ya Amiga huko Lincoln Center, New York, alimchora mwimbaji Debbie Harry mbele ya hadhira. Huo ulikuwa mchezo wa matangazo. Cha kuvutia zaidi kilifichuliwa mwaka 2014, pale wanafunzi wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipofaulu kufungua disketi zake zilizohifadhiwa katika makumbusho yake mjini Pittsburgh. Humo mlikuwa na kopo la supu ya Campbell's lililochorwa kwa mistari ya kutetemeka, na uso wa Venus wa Botticelli uliobandikwa jicho la tatu. Warhol alikuwa mtu mzima mwenye jina, na bado mistari ile ni ya mwanafunzi anayejifunza kuandika upya. Kipanya hakikumtii, naye alirudi kwenye vitu alivyovijua ili aone mkono umekosea wapi.

Kipanya, kwa kweli, hakikumtii mchoraji yeyote. Kalamu ya kompyuta ilikuwepo zamani: Ivan Sutherland alichora mistari kwa kalamu ya mwanga mwaka 1963 huko Massachusetts, na mwaka 1964 taasisi ya RAND ilitoa kibao cha kuchorea kilichogharimu dola 18,000. Kampuni ya Wacom ilipoanzishwa Japani mwaka 1983, na hatimaye kibao na kalamu inayohisi mgandamizo wa mkono vikawa vitu vya kununuliwa na mtu binafsi, mchoraji alirudishiwa alichonyang'anywa, yaani mstari unaonenepa na kukonda.

Photoshop ilitoka mwaka 1990, na Painter mwaka 1991, hii ya pili ikiuzwa ndani ya kopo la rangi ili hata mshamba wa kompyuta ajue ni ya nini. Inafaa kukumbuka jinsi Photoshop ya mwanzo ilivyokuwa kali. Tabaka, yaani ngazi za picha zinazopandana huku kila moja ikichorwa peke yake, ambazo leo mchoraji hawezi kuwaza kuzikosa, zilikuja mwaka 1994. Mpaka mwaka 1998 mtu aliweza kutendua hatua moja tu ya mwisho. Ukikosea, ukapiga mstari mwingine juu yake, kosa limekuwa lako. Craig Mullins, aliyesoma Art Center College of Design huko Pasadena kabla ya kuwa mmoja wa wachoraji wa kwanza kutumia kompyuta kwa kazi za filamu na michezo, alikomaa katika mazingira hayo. Kazi zake za miaka ile zina mapigo mapana, machache, yaliyowekwa na kuachwa. Wengi waliomwiga walidhani siri ni brashi na wakaitafuta brashi yake.

Toleo la mwaka 1998 lilileta orodha ya hatua zilizopita, na mtu akaweza kurudi nyuma mara 20 na zaidi. Ni zawadi kubwa kwa mwenye mteja anayebadilika mawazo. Kwa mwanafunzi ni msaada wenye mtego ndani yake. Mkono unaojua kwamba kila mstari unafutika hauna haja ya kutazama kabla ya kuchora; unarusha mstari, unafuta, unarusha tena, mpaka mmoja uangukie mahali pake kwa bahati. Valenciennes aliogopa jua kuhama. Mchoraji wa kompyuta hana jua linalomkimbia, kwa hiyo walimu wamelazimika kumtengenezea.

Ndiyo maana zoezi la kidijitali likifundishwa vizuri huwa limejaa makatazo. Chukua chungwa mezani, dirisha likiwa upande mmoja. Mwanafunzi anapewa nusu saa, brashi moja ngumu, tabaka moja. Haruhusiwi kutendua. Haruhusiwi kukuza picha kwenye skrini, kwa sababu akiisogeza karibu ataanza kuchora vinyweleo vya ganda kabla chungwa halijawa duara. Kama anachora kutoka kwenye fotografia, hagusi kile kifaa kinachonyonya rangi moja kwa moja kutoka kwenye picha, maana hicho humpa jibu bila swali. Anakodoa macho nusu na kuweka vipande vitatu tu: penye mwanga, penye kivuli, na kivuli kilichoanguka mezani. Dakika kumi zimekwisha. Sasa anagundua kwamba upande wa kivuli alioupaka rangi ya chungwa iliyochanganywa na nyeusi unaonekana umeoza. Anatazama tena. Sehemu ya chini imepata wekundu uliorudishwa na kitambaa cha meza, na pembeni, karibu na ukingo, kuna ubaridi wa anga ya dirishani. Hakuna nyeusi popote. Anabadilisha, ukingo mmoja anaulainisha ili uzame kwenye kivuli, anaweka alama moja ya mwanga na kuacha. Dakika ya mwisho anageuza picha nzima kushoto kulia kwa kubonyeza kitufe, na chungwa lililoonekana duara linajionyesha limepinda. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji waitazame kazi yao ndani ya kioo kwa sababu hiyohiyo.

Picha ile haina thamani yoyote. Inahifadhiwa kwenye faili yenye tarehe, karibu na machungwa mengine, na hapo kazi yake imekwisha.

Kilichobaki kilikuwa kuipata mashine ya bei ya karatasi, na ilikuja ikiwa simu. Mwaka 2008 ilitoka programu ya Brushes ya iPhone, iliyouzwa kwa dola chache. Toleo la jarida la The New Yorker la tarehe 1 Juni 2009 lilikuwa na jalada lililochorwa kwa programu hiyo na Jorge Colombo, msanii mzaliwa wa Ureno. Alisimama usiku kwa muda wa kama saa moja nje ya Madame Tussauds, Times Square, akichora kwa kidole kigari cha kuuza vyakula chini ya taa. Wapita njia hawakumwona mchoraji. Walimwona mtu aliyezama kwenye simu yake kama watu wengine wote, jambo ambalo Constable na sanduku lake la rangi magotini angelionea wivu.

Wakati huohuo Hockney, akiwa na miaka zaidi ya 70, alikuwa Bridlington, mji mdogo wa pwani ya Yorkshire. Dirisha la chumba chake lilitazama macheo. Kwa rangi za kawaida, kuchora alfajiri kuna kikwazo cha kipuuzi: gizani huoni rangi zako, na ukiwasha taa umeiua alfajiri. Simu ilikuwa na mwanga wake. Hockney alichora akiwa kitandani, kwa kidole gumba, mstari wa kwanza wa wekundu baharini, kisha maua yaliyokuwa dirishani, na kuzituma picha kwa marafiki ambao wengi wao waliamka na kuzikuta. Mwaka 2010 ilipotoka iPad, aliigeuza kitabu chake cha michoro. Haikumpa shida ya kuibeba: kwa muda mrefu koti zake zilishonwa na mfuko mkubwa wa ndani wa kuwekea daftari la michoro, na iPad ikatosha humohumo.

Majira ya baridi na ya kuchipua ya mwaka 2011 alirudi mara kwa mara kwenye barabara moja ya mashambani, Woldgate, akiichora theluji ikiyeyuka, vichaka vikivimba, majani ya kwanza yakitoka. Januari 2012 picha 51 za iPad zilitundikwa zikiwa zimechapwa kwa ukubwa wa ukutani katika Royal Academy ya London, taasisi ileile ambayo Constable alingoja hadi umri wa miaka 52 kukubaliwa kuwa mwanachama wake kamili. Watu zaidi ya 600,000 waliyaona maonyesho hayo. Baadhi ya wahakiki walilalamika kwamba zikikuzwa kiasi kile, picha zinaonekana tupu. Wana hoja. Mapigo yaliyopimwa kwa kioo cha sentimita 25 hayabebi ukuta, na kazi zake bora za aina hii zinabaki zile za simu na kioo kidogo, zilizomchukua muda mfupi na zisizotaka kuwa kitu kingine zaidi ya asubuhi ile. Hakuacha lakini. Mwaka 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona, alichora majira ya kuchipua ya Normandy kwa iPad, na picha 116 zikaonyeshwa mwaka uliofuata.

Brashi za umeme zilimpa pia kitu ambacho hakuna bwana wa zamani aliyekuwa nacho. Programu ya Brushes ilihifadhi kila pigo kwa mpangilio wake, na mchoraji akimaliza aliweza kuirudisha picha mwanzo na kuitazama ikijichora. Wanahistoria wa sanaa hutumia miale ya eksirei kubahatisha Rembrandt alianza na nini. Mwanafunzi mwenye tableti hana haja ya kubahatisha. Anaona kwamba dakika 20 kati ya 30 alizipoteza kwenye jani moja la pembeni, na kwamba picha ilikuwa nzuri zaidi kabla hajaanza kuirekebisha.

Leo kizingiti kimeshuka hadi miguuni. Krita, programu ya uchoraji iliyoanza kuandikwa mwaka 1999 na inayoendelezwa na jumuiya ya watu wa nchi nyingi, hutolewa bure. Julai 2023, Disney+ ilipoonyesha mkusanyiko wa filamu kumi fupi za katuni za Kiafrika, jina lililobandikwa juu lilikuwa la Kiswahili, Kizazi Moto. Ndani yake mlikuwa na kazi ya Ng'endo Mukii wa Kenya na ya Raymond Malinga wa Uganda. Filamu za namna hiyo husimama juu ya mamia ya michoro ya haraka ambayo mtazamaji haonyeshwi: uso huu uweje, jua la nyuma ya mlima liwe la saa ngapi.

Kijana wa Kariakoo au Kibera anayetaka kazi hiyo asisubiri kwanza tableti ya bei. Achukue simu aliyonayo, au kompyuta ya kukodi yenye Krita, aweke tunda dirishani na ajipe nusu saa bila kutendua. Akimaliza aandike tarehe na saa pembeni ya picha, kama Constable, na kesho alichore tunda lilelile.